Sauti ya Mume Langoni

Siku hizo mtu aliweza kuuza shamba kwa sauti yake tu, hata akiwa marehemu, mradi mkewe naye aseme amekubali. Kwa hiyo genge la wapora ardhi lilipofika kwa Sekela kule Rungwe na kipaza sauti kinachonasa na kuiga sauti za watu, alijua wamekuja na nini. Hakutegemea tu kwamba mumewe angesikika mchangamfu vile.

"Mama Atupele," sauti ilisema, "waachie hawa shamba. Mimi nimeridhia."

Binti yake Atupele akaanza kulia. Sekela akamvuta nyuma yake, akasimama langoni na panga lake la kukatia migomba. Shemeji zake wawili wakaja kusimama naye, mmoja huku, mwingine huku.

"Mume wangu tumemzika humu humu," alisema. "Kama ameridhia, atoke mwenyewe aje aniambie."

"Majirani zako wote wameshahama, mama," kiongozi wao alisema kwa upole.

"Mimi sihami."

Walimsikiliza, wamemwelekezea kipaza sauti chao, mpaka akamaliza kuwatukana, wakamshukuru, wakaondoka. Hakuna aliyebishana naye. Shemeji zake wakacheka, wakarudi makwao.

Jioni Sekela alikuwa jikoni akimenya ndizi pamoja na binti yake. Kutoka langoni ikasikika sauti ya mwanamke.

"Atupele, mwanangu, nifungulie. Nimekubali."

"Abee, mama," Atupele akaitika, akainuka kwenda, ilhali Sekela alikuwa ameketi nyuma yake, hajafumbua mdomo.