Ekseli za Kipaimara

Ekseli za mbele alizonifungia fundi Lenard jana, akiapa ni nyingine, ni zangu zilezile zilizopakwa rangi.

Leo Starlet yangu kuukuu imekufa nje kidogo ya Makambako. Injini inanguruma, gari halisogei. Nikalala chini, nikasugua ekseli kwa petroli. Rangi nyeusi ikabaki kidoleni, ikatokea alama ya tindo niliyoipiga mwenyewe kabla ya kumpelekea gari, maana mafundi nawajua.

Nikampigia.

“Ulisema zimetoka Japani.”

“Si zilitoka Japani, mzee? Zilikuja na gari.”

“Binti yangu Ida anabarikiwa kanisani Njombe sasa hivi.”

“Pole. Ila mipira ya ekseli ni mipya.”

Nilifika kwa lori la mbao, kanisa limefungwa. Nimekosa ibada. Nimekosa na picha. Pichani, mahali pangu kasimama mjomba wake Ida.