Folda ya Baba Watoto

"Umeipeleka wapi tena kumbukumbu ya wali?"

"Ilikuwa hapa hapa! Simu imeimeza!"

Fundi lifti alikuwa ameketi jikoni, wali ukinuka kuungua nyuma yake, akisugua kioo cha simu kwa kidole gumba kama anayefuta doa. Mtu huyu angeweza kufungua mota ya lifti gizani na kuirudisha bila skrubu hata moja kubaki. Lakini hii programu ya kuandikia kumbukumbu, lo! Ilikuwa inamtoa jasho mwezi mzima.

"Bonyeza pale juu, andika neno unalotafuta," mkewe akasema, akizima jiko.

Akaandika "wali". Hakuna kitu.

Na kingetoka wapi? Kumbukumbu zake zote alikuwa amezipa jina moja, MUHIMU, na ndani hakukuwa na neno ila picha. Kazini ndivyo alivyozoea: kabla hajagusa nyaya, anazipiga picha. Basi na huku nyumbani akapiga picha sufuria, akapiga picha sabuni, akapiga picha pasi.

"Picha ya sufuria itakwambia uweke maji kiasi gani?" mkewe akauliza. "Andika, baba watoto! Andika kwa maneno yako, halafu weka kwenye folda yako. Mara ngapi nitasema?"

"Ya nini mimi nijue kupika wali, na wewe upo?"

Mkewe alichukua sufuria akaanza kuikwangua.

Angekuwa ameshaitupilia mbali simu ile, kama si alichokisikia siku moja aliporudi mapema kazini. Mkewe alikuwa chumbani akiongea na dada yake kwenye simu.

"Siwezi kumwambia sasa, dada. Ngoja kwanza ajue kujipikia. Akibaki peke yake hivi alivyo, wiki haiishi."

Alisimama pale pale koridoni. Mambo yote yakajipanga kichwani. Mkewe amekonda. Chakula anakidonoa tu. Kila Jumamosi anavaa, anatoka, anarudi macho mekundu, ukimuuliza anasema alikuwa na shughuli. Na lile neno lake la kila jioni, "nimechoka", ambalo yeye alikuwa akilijibu kwa kuulizia chumvi! Aliingia bafuni, akafungulia bomba, akalia kama mtoto.

Tangu hapo akajifunza kwa hasira. Aliikasirikia simu, iliyorusha maandishi juu na chini kila alipoigusa. Alivikasirikia vidole vyake vinene, vilivyobonyeza herufi mbili kwa mpigo. Kikumbusho cha dawa yake ya presha kililia akiwa juu ya lifti na bisibisi mdomoni, wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Hakujali. Mradi mkewe asiondoke na wasiwasi moyoni.

Folda ikajaa. Namna ya kufua mashati meupe. Namna ya kukaanga yai bila kuunguza nyumba. Siku ya kuzaliwa ya mama yake, ambayo miaka yote mkewe ndiye aliyeikumbuka.

"Na ya watoto je?" aliuliza jioni moja. "Karo, sare, kliniki ya yule mdogo. Tuwafungulie folda yao."

"Ya watoto niachie mimi."

"Lakini mama watoto, siku ikifika..."

"Nimesema niachie!" Akageukia dirishani.

Maskini, fundi alijiambia, hawezi hata kuwaza habari za wanawe bila machozi.

Jumapili hii akamwomba mkewe aketi, asiguse kitu. Akatafuta "wali", ukatokea. Akatafuta "pasi", ikatokea. Alipika, akaosha vyombo, akanyoosha shati, akameza dawa yake kikumbusho kilipolia, yote bila kuuliza swali hata moja. Mkewe alionja kijiko kimoja, kisha cha pili, akashusha pumzi.

"Umeweza," akasema, na macho yakamlengalenga.

Fundi hakuweza kujizuia tena. "Najua kila kitu. Nilikusikia ukiongea na dada yako."

Mkewe alishtuka, kijiko kikamponyoka. "Unajua? Na hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Ni mipango ya Mungu. Usinihofie mimi, nitaweza. Kama siku imefika, twende."

"Jamani! Na mimi nilivyokosa usingizi nikiwaza nitakuanzaje!" Mkewe alijifuta uso, akaingia chumbani, akatoka akivuta begi kubwa la magurudumu.

Fundi alirukia lile begi akamnyang'anya. Mke wake abebe mzigo na hali ile, yeye akiwepo? Thubutu!

"Zito kweli!" alisema, akijikaza asilie. "Mambo yote haya ya nini, na hospitali mashuka wanatoa?"

"Hospitali gani?" mkewe akashangaa. "Mimi na watoto tunabaki hapa; humo mna nguo zako."