Tundu la Sita

Bolti tano ziliingia. Ya sita ikagoma.

Fundi waliyembatiza Milimita kwa usahihi wake aliitazama tu. Tangu wamzike mama yake, mikono ilikuwa ikifanya kazi bila yeye, na leo ilikuwa imepima kila tundu kutoka tundu lililotangulia, badala ya kuyapima yote kutoka ukingo mmoja wa bamba la chuma. Kila kosa lilikuwa dogo, ndani ya kiasi kinachoruhusiwa, lakini makosa yalibebana mgongoni hadi tundu la mwisho.

"Dada, leo umekuwa Sentimita?" jirani yake wa mashine alimnong'oneza. "Lipanue kwa tupa, bolti ipite. Bosi alishasema ukiharibu bamba jingine, kazi huna."

Tupa ilikuwa tayari mkononi. Ubaridi wake hakuusikia.

Mteja, mtu wa maneno mengi, alichungulia dirishani. "Mafundi, lifti yetu vipi? Mota ya kuivuta inangoja kufungwa kwenye hilo bamba tu. Mama mkwe kanichosha kwa simu, miguu haitaki tena ngazi. Sasa lifti ikianguka naye ndani, watu watasema nimewahonga!"

Karakana nzima ikacheka.

"Anakaa ghorofa ya ngapi?" Milimita aliuliza.

"Ya saba."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa saa. Akaweka tupa chini, akachukua chaki, akachora mkato mkubwa wa kulikataa bamba, kona hadi kona. Unga ulimbakia vidoleni. Hakuufuta.

"Bosi," akaita, "njoo uone."