Picha ya Ukurasa Usiopatikana

Pikapu ya samaki ilikuwa imeshaiacha Tumbe nyuma, mwanamke aliyeketi mbele alipomwambia dereva aongeze mwendo.

"Bi mkubwa, samaki hawa washakufa, hawana haraka," dereva akasema.

"Mie ndiye mwenye haraka."

Walipofika Chake Chake alishukia Madungu, akamuulizia Haroub wa tovuti. Akaonyeshwa duka la fotokopi.

Haroub alikuwa akiandika habari za Pemba kwenye tovuti yake: misiba, harusi, mechi za Gombani na, mwezi ule, matokeo ya kidato cha nne. Mtu akibonyeza kitu kisichokuwamo aliambiwa: Ukurasa huu haupatikani. Chini yake palikuwa na picha ya mtoto mdogo wa kike aliyevaa gauni la Iddi, na maneno: Na mtoto huyu pia hajapatikana. Ukimjua, piga simu.

Picha hiyo aliituma mtu aitwaye Othman, anayekaa Mombasa. Januari ya 2001, baada ya maandamano, watu walipokuwa wakikimbilia Shimoni, Kenya, dada yake Khairiya alisukumwa na umati hadi ndani ya boti, na mtoto wake huyo akamponyoka. Boti iliondoka. Mtoto akabaki pwani, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake.

Hamad, mshirika wa Haroub hapo dukani, hakuipenda fikra ile tangu mwanzo. "Nani anayesoma ukurasa wa makosa?" alikuwa akimwambia. "Mtu akikosa njia hugeuka akarudi. Hasimami kutazama vibandiko."

"Akifika pale hana jingine la kutazama," Haroub alimjibu. "Hiyo ndiyo faida yake."

Sasa mwanamke alisimama mlangoni, buibui lake lina magamba ya samaki.

"Hodi. Nimekuja kwa ile picha. Naomba uitoe."

Haroub akainuka. "Bi Khairiya?"

Mwanamke akainamisha uso, machozi yakamtoka. Haroub akamsogezea kiti haraka. Aliona haya kuuliza zaidi. Mwenye msiba hadaiwi kitambulisho.

"Shikamoo, mama. Pole. Lakini kwa nini tuitoe?"

"Marahaba. Imefaa nini? Nani aliyekupigia?"

Haroub akajikuna shingo. Hamad akamjibia akiwa kwenye mashine: "Mmoja kapiga kwa matani. Mwengine kataka tumtafutie mbuzi wake."

"Hamad, nyamaza!"

"Mwache aseme, mwanangu. Asema kweli."

"Mama, nipe muda kidogo," Haroub akasema. "Mwezi huu watoto wote wa Pemba wamo humu, wanatafuta matokeo. Wakikosea namba, ukurasa ule ndio wanaokutana nao. Haujapata kuonwa na watu wengi hivi."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Haroub hakumwelewa. Alidhani mama amechoka kutazamwa na kila mtu kwenye jeraha lake. Akajaribu njia nyingine. "Basi niongezee maelezo. Picha peke yake haitoshi. Nambie tabia yake, kitu cha kumjulia."

"Hali pweza," akasema. "Radi ikipiga huingia chini ya kitanda, mpaka umvute mguu. Akicheka, hucheka kwa pua." Akajiziba mdomo kwa ushungi.

Haroub hakushangaa. Aliwahi kuwasikia wengine waliopotelewa na mtu. Huzungumza hivyo hivyo, kama mtu wao yuko chumba cha pili. Hamad naye aliacha mashine, akatazama nje.

"Huenda yu hai, mama."

"Najua."

"Basi tukiitoa na kesho mtu akamtambua?"

Mwanamke akaushika mkono wa Haroub kwa mikono miwili. Yake ilikuwa ya baridi. "Weye kijana mwema, na ulilofanya ni la thawabu. Lakini picha hii ikibaki, nyumba yangu imevunjika. Silali. Simu ikilia, roho yaniruka. Hebu nionee imani."

Haroub akaketi mbele ya kompyuta. Aliitazama ile picha kwa muda, gauni la Iddi, viatu vipya. Kisha akaifuta. Pakabaki maneno matupu, Ukurasa huu haupatikani, kama tovuti nyingine zote.

"Othman je? Nimpigie?"

"Usimshughulishe. Nitamwambia mwenyewe."

Alikataa chai. Alikataa hata kusindikizwa. Haroub alimtazama akivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, gari ikampigia honi.

"Nilikwambia ukurasa ule hauna maana," Hamad akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Hamad siku hizi yuko Muscat, anaendesha gari la maji. Haroub aliifunga tovuti yake, watu walipohamia kwenye makundi ya simu, akabaki na fotokopi. Othman hakuifungua tena tovuti ile. Aliamini picha bado imo. Dada yake Khairiya hakupata kukanyaga tena Pemba. Alifariki Mombasa mwaka uliofuata, na hadi siku za mwisho alikuwa akimuuliza kaka yake kama kuna aliyepiga simu. Mwanamke aliyekwenda Madungu jina lake Rawya, na yuko Tumbe mpaka leo. Anaishi na msichana aliyemwokota pwani, yule ambaye, alipokuwa akitafuta matokeo yake, alikosea namba, akamletea simu jikoni huku anacheka: "Mama, hebu mtazame mtoto huyu alivyonishabihi!"