Jogoo wa Kamati

Jogoo alichomoa kichwa kikapuni akawika katikati ya basi, abiria wakacheka. Paskali akamsukuma ndani.

"Huyo wa nini?" akauliza mkewe, Anastasia.

"Wa kamati. Mkono mtupu haulambwi."

"Nilikuambia unisindikize tu, Paskali."

Kweli alimwambia hivyo, wala hakuongeza neno, maana alikuwa ametia sahihi karatasi ya kutunza siri. Yaliyobaki Paskali alijijazia mwenyewe. Kuna hela za kuchunguza ugonjwa wa mkewe, kamati inakaa leo Singida mjini, na Anastasia kaitwa. Miaka sita ngozi yake inakakamaa na vidole vinakufa ganzi, mwili unajipiga vita wenyewe. Hata kwenye jua la Sekenke anavaa glovu. Ugonjwa wenyewe adimu, madaktari watatu waliukosea jina. Wakimkubali mkewe, kuna matumaini. Wakimkataa, basi tena. Alimpenda, na aliogopa.

Kilichomtisha zaidi ni daftari la mkewe. Alilichungulia akakuta maswali matupu. Wagonjwa mtawapata wapi? Mtarudi kutuambia mlichokiona? Jibu hata moja hakuna. Sasa mtu anakwenda kuhojiwa hajaandaa majibu, si kujitafutia aibu huko?

Walipofika ukumbini, binti wa mlangoni akainuka. "Shikamoo mama. Tunakusubiri wewe tu."

Anastasia akaingia. Tumechelewa, Paskali akawaza, wameshakasirika.

Kwenye benchi la nje alikaa jamaa mmoja wa suti, makaratasi mapajani, anafuta jasho na kunong'ona peke yake. Paskali akamtambua hapo hapo: bosi. Nani mwingine atavaa suti Singida saa sita mchana?

"Shikamoo mzee," jamaa akasema.

"Marahaba, mkubwa." Paskali akamtia jogoo mikononi. "Wa kienyeji huyo, kalelewa nyumbani. Mke wangu kaingia sasa hivi, yule wa glovu. Mwangalieni kwa jicho la huruma."

Jamaa akatazama mlango, akatazama jogoo, uso ukamsawijika. "Yule ni mkeo? Mzee, tafadhali, mchukue kuku wako kabla hawajatuona. Utaniharibia."

Paskali akapokea jogoo wake. Tangu lini mtu akakataa kuku wa Singida? Basi walishamnyima mkewe, na huyu anaona haya kula cha watu bure.

Mlango ukafunguliwa. "Daktari Peniel, zamu yako," akaita yule binti.

Jamaa wa suti akainuka, akakusanya makaratasi yake, akaingia. Kabla mlango haujafungwa, Paskali akamwona Anastasia nyuma ya meza ndefu, kiti cha katikati, wazungu wawili kulia na profesa kushoto.

"Karibu mwanangu, kaa," Anastasia alikuwa anasema. "Haya, tueleze kwa nini hela hizi za utafiti tukupe wewe, tusiwape wenzako wanne."