Lenzi ya Fundi Saa

"Umeikwaruza tena!" Fundi saa aliibamiza lenzi mezani, fremu ikalia, skrubu ndogondogo zikatawanyika hadi sakafuni. "Lenzi yangu unaisugua kama sufuria!"

Mke wa mwanawe alitokea mlangoni, mikono imejaa unga. "Sijaisugua, baba. Nimeiosha kwa maji na sabuni tu."

"Maji na sabuni tu," alimwiga kwa sauti ya puani. "Ondoka mbele yangu."

Hakumpenda mkwe huyu, wala hakujisumbua kuficha. Lenzi yenyewe ilikuwa ya plastiki, pana kama kiganja, imebanwa ndani ya fremu nyeusi yenye mpini. Lakini kwa lenzi hiyo alimlea mwanawe akawa mtu. Siku zote ilikuwa safi, mpaka mwanamke huyu alipoingia nyumbani. Sasa ilijaa ukungu na mikwaruzo mitupu. Na vituko vyake havikuishia hapo. Chai alimjazia kikombe pomoni ili imwagike mapajani. Taa nzuri ya mezani aliiondoa akaweka hii inayotoa mwanga wa uchovu. Hata viatu alimhamishia.

Wateja nao walianza kurudisha saa. Mmoja alisema mbele ya watu kwamba fundi amekwisha. Neno hilo akawa analala nalo na kuamka nalo.

Mwanawe, seremala asiye na maneno mengi, aliporudi kula mchana alikuta povu linamtoka baba yake.

"Mkeo ananitilia mchanga kitumbua changu. Anataka nishindwe kazi nikae humu nimlelee watoto. Leo hii anarudi kwao. Akibaki, nahama mimi."

"Baba, tutanunua lenzi nyingine."

"Ili nayo aikwaruze? Mwite! Aioshe mbele yako, uone mwenyewe anavyoiharibu."

Mkwe alikuja na beseni, akaliweka mezani kwa kishindo. Leo na yeye alikuwa amechoka kuwa mpole.

"Basi tazameni," alisema. "Kwanza naimwagia maji vumbi litoke, maana ukifuta vumbi kavu ndilo linalokwaruza. Halafu tone la sabuni ya maji, nasugua kwa ncha za vidole. Ile spiriti yako ya kusafishia saa siigusi, baba, inafubaza plastiki. Mwisho nakausha kwa kitambaa hiki laini. Cha jikoni sikitumii."

"Hotuba tamu. Fanya kazi."

Maji yalichuruzika. Fundi alikaa ameegemeza kichwa, anasikiliza kila kitu kwa dharau. Kitambaa kikapita, kikapita tena. Kisha kitu kikagonga ndani ya beseni, tik.

"Lo! Baba, ngoja kidogo..."

"Singoji! Umeshaanza visingizio?" Alinyoosha mkono, akapapasa mezani, akagusa kitambaa, akagusa vidole vya mkwe vilivyolowa, akamnyang'anya kwa nguvu.

"Baba, nisikilize, hiyo..."

"Kimya! Umesema vya kutosha."

Alishika mpini, akaupeleka jichoni, akageukia dirisha. Moyo ukamruka kwa furaha. Ukungu ulikuwa uleule. Mikwaruzo ilikuwa ileile. Miezi yote hii walimwona mzee mgomvi anayetafuta sababu, na sasa ushahidi ulikuwa mkononi mwake, bado una joto la vidole vya mbaya wake.

"Haya, umeona?" alimwambia mwanawe. "Mkwaruzo huu hapa, umekata toka juu mpaka chini. Na katikati pote ni ukungu, kama mtu amepumulia. Ameiosha mbele ya macho yako na bado ameiharibu! Mwambie afunge mizigo yake."

Alisikia mkwe akivuta pumzi kama mtu anayezuia kilio, na hilo nalo likamfurahisha.

"Umemeza ulimi?" alimfokea mwanawe. "Wewe ndiye shahidi. Sema ulichoona!"

Kiti kilisogea. Mwanawe akaja akasimama mbele yake, karibu kabisa.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "tulia hivyohivyo. Usitikisike."

Kisha kidole cha mwanawe kikapita katikati ya fremu, kikamgusa ukope.