Yai Laini

Loyi aliinama kwenye banda lake la kuku, nyuma ya nyumba za kambi ya askari pale Bwera, akaokota yai lisilo na ganda. Lilikuwa na joto bado, limefunikwa na ngozi tu, likibonyea kama shavu la mtoto.

Tangu jirani yake aache kuingia uani, kuku walitaga hivi. Ni Loyi aliyemkuta alfajiri akiwamwagia kuku unga mweupe, akapiga yowe kwamba ni mchawi. Kambi nzima ikamtenga, hadi mumewe akaomba uhamisho.

Sasa, Loyi alipotokea mbele na yai mkononi, lori la kuwahamisha lilikuwa likiunguruma, na jirani amekaa juu ya magodoro. Alimnyooshea Loyi kopo.

"Mama, hii ni ya kuku yako. Ni maganda ya mayai, ninatwanga tu. Ukiacha kuwapa, mayai itakuwa laini. Ile siku mulikataa nieleze."

Wanawake wa kambi waliokusanyika hapo wote wakageuka kumtazama Loyi.

"Na wewe umeshika nini?" mmoja akauliza.

"Hakuna kitu," alisema Loyi, akafumba ngumi. Yai likapasuka bila sauti, kiini kikaanza kumchuruzika kati ya vidole.